Mkaja wa Saumu

Hebu nikuulize wewe unayesoma: tumbo la mwanamke aliyejifungua juzi ni la nani? Ni lake mwenyewe, ni la mtoto aliyelala humo miezi tisa, au ni la Bodi ya Mioyo? Usinijibu haraka. Mimi nilijibu haraka, na nitakueleza lililonipata.

Jina langu Mwantumu binti Semkiwa, wa kata ya Kwemsolwa, chini ya milima, kwenye michungwa. Nimesoma mpaka darasa la saba. Nilishona nguo miaka thelathini na nne kwa cherehani ya kukanyaga, mpaka zilipokuja zile mashine zinazomtazama mtu mara moja na kumtolea gauni. Wateja wakaniacha mmoja mmoja, hata wale niliowashonea sare za shule. Nikakaa barazani mwaka mzima nachambua mchele wa watu. Ndipo Bodi wakaja kunitafuta. Hawakuitaka cherehani yangu, walitaka mkono.

Walisema ile taa yao ya kumulika mafuta ya ndani ni moja kwa wilaya nzima, na mtu mmoja huichukua karibu saa. Watu ni maelfu. Kwa hiyo kila kata iwe na mtu wa kuchuja kwa tepu kwanza, na kwenye tepu mashine zilikuwa zimeshindwa. Mashine ikimkumbatia mtu, mtu anavuta tumbo ndani. Akishikwa na bibi mwenye mikono ya uvuguvugu anayemuuliza habari za mamake, anasahau na kupumua.

Bwana Shekalaghe, msimamizi wetu, alitufundisha siku mbili. Siku ya kwanza alileta kondoo aliyechinjwa, akamlaza juu ya meza ya darasa. Akaushika mkia, ule mkia mnene wa kondoo wetu, akaukata. Mafuta matupu.

"Haya ni akiba," akasema. "Mafuta ya mkia, ya paja, ya nyonga, hayana ugomvi mkubwa na mtu."

Kisha akapasua tumbo akatuonyesha yale yaliyofunika figo na kuzunguka utumbo, mazito, yamejikunja kama godoro lililofungwa kamba. "Haya ndiyo yenye fitina. Yanakaa kimya, yanatia sumu kwenye damu, na mishipa ya moyo inaziba. Mtu anaweza kuwa na mikono kama fito na haya akawa nayo." Akafungua kifua. Moyo wa yule kondoo ulikuwa umevishwa mafuta juu, kama mtoto aliyevishwa kofia.

"Mizani itakwambia uzito, haitakwambia mafuta yamekaa wapi," akasema. "Tepu inakaribia kukwambia. Taa ndiyo inayoona."

Nilishika vizuri. Unautafuta ubavu wa mwisho kwa kidole, unautafuta mfupa wa nyonga, katikati yake unatia alama kwa chaki ya fundi. Tepu ikae sawa, isilegee wala isibane nyama. Unangoja atoe pumzi, unasoma. Kiuno kikiwa ndani ya nusu ya urefu wako, bangili yako inapakwa kijani na unaenda zako. Kikizidi, unakwenda kwenye taa. Taa ikiona kidogo, unapewa manjano na vidonge vya kila mwezi. Ikiona kingi, nyekundu. Na nyekundu maana yake kupandishwa mlimani, kambini, miezi saba, unachomwa kiyeyushi kila juma mpaka mafuta ya ndani yaishe.

Kiyeyushi huingia kwenye maziwa. Kwa hiyo mama anayenyonyesha akipandishwa, mtoto anachukuliwa na kulelewa na Bodi, isipokuwa awepo mwanamke wa kumkabidhi, ambaye jina lake ni safi.

Binti yangu Tatu alipandishwa mwaka wa kwanza kabisa wa Bodi, mimi nikiwa bado fundi, dawa ikiwa bado changa, hawajui kipimo chake. Alipanda akitembea kwa miguu yake, kashika mfuko wa machungwa. Alishuka kwenye gari lililofungwa. Tukakabidhiwa maiti, na bangili kwenye bahasha. Alimwacha Saumu wa miaka sita, na mimi ndiye niliyemlea.

*

Kabla ya kufika kwa Saumu, lazima nikwambie habari ya Hemedi, maana bila hiyo utaniona mwanamke mwema.

Hemedi ni mtoto wa pekee wa Nyamvua, jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Nyamvua nami tulichezwa unyago pamoja, tukaitana somo tangu hapo. Ni mwanamke wa nyonga pana, mcheshi, akipita sokoni watu wanampisha, na taa ilimpa manjano tu. Mwaka juzi nilimpima Hemedi. Urefu wake sentimita mia na sabini na sita. Nusu yake themanini na nane. Tepu ikasoma themanini na nane na nusu.

Nyamvua alikuwa amesimama nyuma yangu. Akainama sikioni. "Somo, vuta kidogo. Nusu sentimita ni upana wa mshono."

"Tepu haina ndugu, somo," nikamjibu, na nikaandika.

Taa ikampa nyekundu. Akiwa mlimani mwezi wa tatu, babake akafariki. Aliye kambini hashuki, hata kwa msiba. Mzee wa watu akazikwa na watoto wa wenzake, Hemedi asitie hata konzi ya udongo. Alishuka baada ya miezi saba akiwa mzima, kiuno chembamba, anapanda ngazi za ghorofani kwao bila kuhema. Dawa ilikuwa imekwisha kuwa nzuri siku hizo. Mimi niliyaona hayo kwa macho yangu na sikutaka kuyajua.

Tangu mazishi yale Nyamvua hakuniita somo tena. Aliniita Mpimaji. "Hujambo, Mpimaji." Kwa adabu kabisa, kama anayemwamkia mgeni.

*

Sasa, Saumu.

Alijifungua mtoto wa kike mwezi wa machungwa, tukampa jina la Tatu, jina la marehemu. Mumewe yuko kwenye mitambo ya upepo huko Singida, hurudi mara mbili kwa mwaka. Tulikuwa wanawake watatu ndani ya nyumba, na mmoja wetu hana meno. Wawili hawana, Saumu alikuwa akisema, ukimhesabu na Bibi.

Asubuhi ya pili nilianza kumkanda kwa maji ya moto na kumfunga mkaja. Nilitumia merikani, mita tatu na nusu, niliyoifua kwa sabuni ya kipande mpaka ikalainika. Unamlaza chali, unalisukuma tumbo juu kwa viganja viwili vyenye mafuta ya nazi, unaanza kufunga chini kwenye kinena ukipanda, kila mzunguko unakanyaga nusu ya mwenzake. Mwisho unachomeka ncha ubavuni. Ndivyo mama yangu alivyonifunga, na mamake alivyomfunga.

"Bibi, unanifunga au unanikamua?" Saumu akasema.

"Tulia, mke mwenzangu. Mume wetu akirudi akute kiuno, asikute mtungi."

Akacheka, kicheko kikakatika katikati, akaweka mkono kifuani. Nikafikiri ni mkaja.

Saumu alikuwa mwembamba wa mikono na miguu, shingo ndefu kama ya mamake. Lakini tumbo lile halikuwa la uzazi peke yake. Lilikuwepo tangu kabla ya mimba, gumu, limekaa mbele kama kitu alichobeba kwa niaba ya mwingine. Siku ya thelathini nilimfungua nikampima, sisi wawili tu, chumbani. Urefu wake mia na hamsini na nane. Nusu yake sabini na tisa. Tepu ikasoma themanini na nne.

Nikaikunja tepu haraka. Yeye alikuwa amekwisha kuiona. Mtoto aliyelelewa chini ya meza ya fundi anasoma tepu hata ikiwa juu chini.

"Bibi," akasema, "mimi nilikuwa nataka..."

"Unataka uji. Nimeuweka pilipili manga, unywe ungali moto."

Akanitazama. Akaupokea uji.

Kwa desturi mkaja hufunguliwa siku ya arobaini. Kupimwa kwake kulipangwa siku ya arobaini na tatu. Basi sikuufungua. Niliuongeza mzunguko mmoja, kisha miwili, nikawa nautia maji ili merikani ikikauka izidi kubana. Usiku alilala nao. Akila, alikula kidogo kidogo, akilala, alilala ameketi, mito mitatu mgongoni.

"Nalala vizuri nikiketi," akaniambia. "Nikilala chali napungukiwa hewa."

"Ni mkaja."

"Hata kabla ya mkaja, Bibi. Nilikuwa nataka nikwambie..."

"Siku tatu tu zimebaki. Vumilia."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa namalizia maneno yake. Niliyamalizia tangu akiwa na miaka sita, alipokuwa akianza kuuliza mama yuko wapi.

*

Tulipimia kwenye ukumbi wa shule, Jumamosi asubuhi, nyuma ya pazia la kitenge. Nje watu wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yao yamefika kidevuni. Bwana Shekalaghe mezani na kalamu yake isiyoandika kwa wino. Nyamvua alikuwa ndani ya pazia nami, maana sheria inataka kwa kila mwanamke awepo mwanamke wa pili wa kushuhudia, na siku hiyo zamu ilikuwa yake.

Nilikuwa nimeufungua mkaja nyumbani, tulipokuwa tayari kutoka. Si zaidi ya nusu saa. Mwili hukumbuka ulivyofungwa kwa muda, kama karatasi iliyokunjwa.

Saumu akapandisha blauzi. Mistari ya merikani ilikuwa imejichora ubavuni, mizunguko yote, hata pindo lilipokaa ungeliona. Nikatafuta ubavu wa mwisho. Nikatafuta mfupa wa nyonga. Nikatia chaki. Tepu sawasawa, haikulegea, haikubana. Nikangoja atoe pumzi.

Sabini na nane.

Nataka uelewe hapa. Sikuandika uongo. Niliandika kile tepu ilichosema, na mtu yeyote angeisoma vilevile. Niliisogeza nyama, namba sikuigusa. Kwa muda wa siku kumi na sita nilijipa usingizi kwa maneno hayo.

"Sabini na nane," nikasoma kwa sauti.

Saumu aligeuza kichwa akanitazama juu ya bega. Midomo yake ilifunguka. Nikamshushia blauzi.

"Haya, toka, wengine wanangoja."

Nyamvua hakuwa amesogea. Macho yake yalikuwa pale ubavuni palipofunikwa. Akaweka kidole gumba kwenye kitabu cha mashahidi, akasema polepole, "Mkaja mzuri huo, Mpimaji. Umemfunga kwa mapenzi."

Kisha akatoka, na hakumwambia mtu. Niliona heri angesema.

Bangili ya Saumu ikawa kijani.

*

Siku ya kumi na sita baada ya kupimwa ilikuwa Jumatatu, kama saa nne asubuhi. Nilikuwa uani naanika nepi. Saumu alikuwa jikoni anakuna nazi. Nikasikia mbuzi ya kukunia imeanguka, nikangoja nisikie akijicheka kama kawaida yake. Nikaziacha nepi, nikaingia.

Nilimkuta ameketi chini, mgongo ukutani, jasho linamtiririka na ilikuwa asubuhi ya ubaridi. Kashika taya.

"Jino?" nikamuuliza.

"Taya. Na mkono huu. Kama kuna mtu ananikalia kifuani, Bibi."

Nilimfunga mtoto mgongoni, nikampitisha Saumu mkono begani kwangu. Zahanati ya kata iko mwendo wa dakika kumi kwa mtu mzima. Tulitumia karibu nusu saa. Alikuwa anasimama kila penye mti.

Zahanati zetu hazina mlinzi siku hizi. Zina mlango, na mlango una jicho. Unaweka bangili mbele ya jicho. Manjano na nyekundu wanafunguliwa, maana hao ndio wenye mioyo mibovu, na madaktari ni wachache. Nilikuwepo kwenye mkutano tulipokubali hivyo, tukapiga makofi. Nje palikuwa na watu saba au wanane wa manjano wakingoja vidonge vyao, na Nyamvua mmoja wao.

Nikauinua mkono wa Saumu.

Mlango ukasema kwa sauti ile nzuri ya kike: "Moyo wako ni salama. Rudi nyumbani, pumzika, kunywa maji."

"Si salama," nikasema. "Mtazame."

"Moyo wako ni salama."

Nikaweka bangili yangu, ya manjano. Mlango ukafunguka, upana wa mtu mmoja. Nikamvuta Saumu aingie nami, ukajifunga begani kwake, taratibu, bila kumuumiza, kama mtu anayemzuia mtoto asiingie jikoni, nami nikabaki naye nje. Muuguzi alikuja kwenye kioo. Msichana wa makamo ya Saumu, jina limeandikwa kifuani, Mwanaheri.

"Muuguzi, mwanangu, nifungulie."

"Bibi, mlango si wangu. Kipimo chake ni cha kijani, na tepu ni yako. Nimeona jina lako hapa." Alikuwa anamtazama Saumu na uso wake umebadilika. "Kipimo kikifutwa mlango utafunguka wenyewe. Anayeweza kukifuta ni aliyepima. Simama mbele ya jicho useme."

Basi nikasimama mbele ya jicho.

"Nafuta kipimo cha mjukuu wangu."

"Taja sababu," mlango ukasema.

"Nilimfunga mkaja."

"Sababu haitambuliki."

"Mkaja. Kitambaa cha uzazi. Kinavuta tumbo ndani."

"Sababu haitambuliki. Sababu zinazotambulika ni tatu. Kosa la kifaa: fundi atafika ndani ya siku tatu. Kosa la mkono: mpimwa atapimwa tena Jumamosi. Udanganyifu wa mpimaji: mlango utafunguka sasa."

Saumu alikuwa ameketi kwenye ngazi, kichwa kimelala juu ya magoti.

Nilijua maana ya la tatu. Bwana Shekalaghe alitusomea siku ya pili ya mafunzo, akatusainisha. Wote uliowapima robo hiyo wanarudishwa kwenye taa, na mimi nilikuwa nimepima mia nne na kumi na mmoja. Mkono wako unafutwa, hupimi tena. Na jina lako si safi tena: hutakabidhiwa mgonjwa wala mtoto, mpaka kufa kwako. Mtoto Tatu alikuwa mgongoni kwangu, usingizini, pumzi yake inanichoma shingoni. Yote niliyoyafanya niliyafanya ili asibaki bila mama kama Saumu alivyobaki, na sasa angetoka hata mgongoni kwangu.

Nikasema, "Kosa la mkono."

Mungu anisamehe, ndilo nililosema kwanza.

"Asante. Mpimwa atapimwa tena Jumamosi, saa tatu asubuhi."

Ilikuwa Jumatatu. Nikamsikia Saumu akitapika. Nilisimama pale nikitafuta njia ya nne. Nilifikiri gari la kwenda wilayani, nikakumbuka na kule kuna mlango. Nilifikiri kuvunja kioo, nikaangalia mikono yangu. Ukutani ndani palikuwa na saa, nami niliitazama, na leo naweza kukwambia: ilisogea dakika kumi na moja. Niliziacha zipite dakika kumi na moja.

Nyamvua akaja akasimama kando yangu. Hakunigusa. Alisema kwa sauti ya chini, kama siku ile ukumbini alivyoinama sikioni kwangu.

"Tepu haina ndugu, Mpimaji. Sema."

Nikasema. Nililitamka neno zima mbele ya jicho na mbele ya majirani, udanganyifu wa mpimaji, na mlango ukafunguka pande zote mbili, upana wake wote. Mwanaheri akatoka na kitanda cha magurudumu kabla sauti yangu haijaisha.

*

Walimmulika mchana huohuo, maana taa ilikuwa kwenye kata ya jirani na ikaletwa. Mganga aliniita kwenye pazia akanionyesha kioo. Nadhani aliniita kwa huruma, au kwa adhabu, sijui. Mafuta ya ndani huonekana meupe kwenye kioo hicho. Yalikuwa yamejaa tumboni na kupanda, na moyo wa Saumu ulikuwa umevishwa kofia. Nilimkumbuka kondoo. Ncha ya chini ya moyo ilikuwa haichezi. Sehemu nyingine zote zinaruka, pale pametulia kama kidole kilichokufa ganzi.

"Hii imekufa," mganga akasema. "Haitarudi. Mshipa uliziba asubuhi, na tumechelewa kidogo kuufungua. Kama nusu saa mapema tungeiokoa robo yake."

"Dakika kumi na moja?" nikamuuliza.

Hakuelewa nauliza nini. "Kila dakika ina yake, bibi. Lakini kubwa ni zile siku kumi na sita. Angemulikwa siku ya kipimo, angepandishwa akiwa na moyo mzima, na kiyeyushi cha sasa mtu mwenye moyo mzima hakimsumbui. Moyo huu," akagusa kioo, "sijui kama utakihimili. Na asipochomwa, mshipa wa pili utaziba. Nusu kwa nusu."

"Atapanda lini?"

"Akiweza kusimama."

Bwana Shekalaghe alikuja jioni, jua lingali juu ya michungwa. Hakunifokea. Alinyoosha mkono nikampa tepu, ile ya njano niliyoinunua nikiwa msichana, ncha zake za bati zimelika. Akaikunja vizuri, akaitia kwenye mfuko wa nailoni, akaandika namba juu. Akatazama mgongoni kwangu.

"Mtoto," akasema.

Nilifungua fundo la kanga. Nyamvua alikuwa ameketi kwenye benchi la nje tangu asubuhi, vidonge vyake mkononi hajavinywa. Akainuka.

"Huyo nitakaa naye mimi," akamwambia Bwana Shekalaghe. "Jina langu ni safi. Andika."

"Somo," nikasema.

"Si kwa ajili yako." Akampokea mtoto, akamweka kwenye nyonga yake pana, mtoto akalala palepale kama amerudi kwao. "Nitakuwa nakaa naye barazani asubuhi. Ukuta wetu ni mfupi. Kuangalia hakuna sheria. Kumshika, hapana. Miezi saba. Ndipo utajua."

Nikaingia kwa Saumu. Alikuwa amelazwa ameketi, mito mitatu, nyaya kifuani, na kwenye mkono bangili nyekundu ambayo bado ilikuwa inang'aa kwa upya. Ubavuni, shuka lilipofunuka, alama za mkaja zilikuwa zimekwisha. Siku kumi na sita, ngozi husahau.

Nikavuta kiti. Nikaanza kumsimulia mtoto yuko kwa nani, kwamba amekunywa maziwa, kwamba hakulia. Akaniacha nimalize. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayepanda ngazi, "Bibi, mimi nilikuwa nataka..."

Maneno yalikuja kinywani mwangu, mengi, kama kawaida: unataka maji, unataka nikunyooshee mto, unataka mumeo apigiwe simu. Nikayameza. Nikaweka mikono yote miwili juu ya magoti na kungoja. Kwenye kile chombo kando ya kitanda mstari wa moyo wake ulikuwa unapanda, unashuka, unajikwaa, unapanda.

Alivuta pumzi mara tatu.

"Nilijua naumwa," akasema. "Tangu mimba. Nilimwona Hemedi alivyoshuka mlimani, anapanda zile ngazi zao huku anaimba. Nikasema na mimi nitakwenda, nirudi nimlee mwanangu. Kila nikitaka kukwambia, unamwona Mama."

Akafumba macho, akayafumbua.

"Nilitaka uandike themanini na nne, Bibi. Hilo tu nililolitaka."